Sura ya 6: Mzigo Usiokuwepo

Isimamishe pikapu ndogo ya zamani, tuseme Datsun 620, mahali palipo tambarare, bila mzigo, kisha rudi nyuma hatua chache uitazame ubavuni. Pua imeinama kidogo. Mkia umeinuka, na kati ya tairi la nyuma na ukingo wa bodi unaweza kupitisha ngumi bila kugusa chochote. Wengi wakiliona pengo hilo hudhani kuna mtu aliongeza springi. Hapana, lilitoka hivyo kiwandani. Aliyeichora alikuwa na mzigo akilini tangu mstari wa kwanza, na unachokiona hapo ni gari linalosubiri kupakiwa.

Tupige hesabu ya harakaharaka. Gari lenyewe lina uzito wa kama tani moja. Injini, gia boksi na kichwa anamokaa dereva vyote vimeelekea mbele, kwa hiyo gari likiwa tupu ekseli ya nyuma hubeba chini ya nusu. Tuseme kilo 400. Sasa pakia mifuko 10 ya saruji, yaani kilo 500, na karibu uzito wote huo unalalia ekseli hiyohiyo. Mzigo wa nyuma umezidi maradufu, ilhali wa mbele haujaguswa sana. Springi ni zilezile asubuhi zikiwa hazina kitu na mchana zikiwa na saruji. Ukizifanya laini ili safari ya bila mzigo iwe ya raha, siku ya mzigo gari litakaa chini kama bata. Ukizifanya ngumu ziweze kuhimili saruji, siku ya bila mzigo gari litarukaruka kwenye rasta mpaka abiria aume ulimi. Kiwanda cha pikapu huegemea upande wa saruji. Ndiyo sababu pikapu tupu ina mwendo mbaya kuliko saluni yoyote ya umri wake, na ndiyo sababu mkia wake uko juu.

Kwa hiyo anayetaka kuishusha pikapu, hata kama ameanza kwa kupenda umbo tu, anafika mahali lazima ajibu swali la mzigo: utakuja au hautakuja? Kila bolti atakayoilegeza na kila kipande cha chuma atakachokiingiza chini ya gari ni jibu la swali hilo, na jibu lisilo wazi ndilo linalovunja magari.

Waliolijibu wazi kwanza walikuwa vijana wa California. Pikapu ndogo za Kijapani zilianza kuuzwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950, Datsun ikiwa ya mbele, na wanunuzi wake walikuwa watu wa kazi: watunza bustani, wakulima wadogo, mafundi bomba. Marekani wakati huo haikuwa na kitu cha ukubwa ule. Kisha ukaja ugomvi ambao hauna uhusiano wowote na magari. Nchi za Ulaya zilipandisha ushuru wa kuku waliogandishwa kutoka Marekani. Rais Lyndon Johnson akajibu kwa kutoza ushuru wa asilimia 25 juu ya bidhaa chache, mojawapo ikiwa malori mepesi, akilenga zaidi magari ya mizigo ya Volkswagen. Ushuru huo ulianza mwaka 1964. Kuku wenyewe wamekwisha kusahaulika, lakini ushuru wa pikapu upo mpaka leo.

Wajapani walipata mlango wa nyuma. Gari lililoingizwa likiwa kichwa na chasisi tu, bila bodi ya nyuma, lilihesabiwa halijakamilika, na ushuru wake ulikuwa asilimia 4. Basi vichwa vikashuka bandarini, bodi zikafungwa hukohuko Marekani. Chevrolet LUV, ambayo kwa kweli ilikuwa Isuzu, na Ford Courier, ambayo ilikuwa Mazda, ziliingia kwa njia hiyo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mlango ulifungwa mwaka 1980, lakini kufikia hapo nchi ilikuwa imejaa pikapu ndogo za bei nafuu, zenye injini za silinda nne zisizokufa, na zilizokuwa za watunza bustani zikaanza kuuzwa mkono wa pili kwa vijana wa shule za sekondari.

Vijana hao hawakuwa na saruji ya kubeba. Walikuwa na gari lenye mkia juu na bodi tupu, na jirani zao walikuwa na utamaduni uliokwisha kukomaa wa kushusha magari. Wamarekani wenye asili ya Meksiko, hasa mashariki mwa Los Angeles, walikuwa wakishusha Chevrolet zao tangu baada ya Vita vya Pili vya Dunia: wengine kwa kukata koili, wengine kwa kuweka mifuko ya mchanga kwenye buti, kisha kuzitembeza polepole jioni katika barabara ya Whittier. Mwishoni mwa miaka ya 1950 sheria ya California ikapiga marufuku gari lililorekebishwa hata sehemu yake yoyote ikashuka chini ya ukingo wa chini wa rimu. Kijana mmoja, Ron Aguirre, akaifungia Corvette yake pampu na mitungi ya haidroliki ya aina iliyotumika kwenye ndege: askari akionekana, gari linapanda, askari akipita, linashuka. Marufuku hiyo iliondolewa kwa sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2024. Ilikuwa imedumu zaidi ya miaka 60, na sidhani kama kuna amri ya barabarani iliyozaa ubunifu mwingi zaidi kuliko hiyo.

Pikapu ndogo zilirithi hayo yote, lakini chini kabisa, pale panapolala fundi, ni mashine tofauti na Chevrolet ya saluni. Na hapo ndipo panaponivutia.

Tuanze mbele. Datsun 620, iliyotengenezwa kati ya 1972 na 1979, haina koili. Hazina pia Datsun 720 iliyoifuata, Chevrolet LUV, wala Mazda B2200 ya 1986 hadi 1993. Mahali pa koili kuna fimbo ndefu ya chuma cha springi, moja kila upande, imelala sambamba na chasisi kutoka kwenye mkono wa gurudumu kuelekea usawa wa miguu ya dereva. Mafundi huiita tosheni baa. Mwisho wake wa mbele umeshikwa na mkono wa gurudumu. Mwisho wa nyuma umeshikwa na kikono kifupi kilichogota kwenye chasisi. Gurudumu likipanda tuta, mkono unainuka na fimbo inajipinda. Tuta likiisha, fimbo inajinyoosha na kuurudisha mkono chini. Hakuna kingine. Ni springi isiyochukua nafasi, na uzuri wake kwa msomaji wa sura hii ni kwamba kile kikono cha nyuma kimewekewa bolti ya kurekebishia. Kiwanda kiliiweka kwa ajili ya kusawazisha kushoto na kulia gari likizeeka. Kijana wa California aliitazama akaona zawadi. Ilegeze bolti, kikono kinashuka, fimbo nzima inazunguka kidogo, na pua ya gari inaenda chini. Gharama yake ni spana.

Hapo panazuka imani moja niliyoisikia kwenye gereji nyingi na ambayo haitaki kufa: kwamba ukilegeza bolti hiyo, fimbo inakuwa laini, na ukiikaza inakuwa ngumu. Si kweli. Ugumu wa fimbo unatokana na unene wake, urefu wake na aina ya chuma chake. Bolti haibadilishi hata kimoja. Uzito wa pua ya gari ni uleule kabla na baada, kwa hiyo fimbo inajipinda karibu kiasi kilekile ili kuubeba. Kilichobadilika ni pembe ambayo mkono wa gurudumu unasimamia. Yaani umehamisha kimo tu, springi umeiacha ilivyo.

Mbona basi gari lililoshushwa kwa bolti linapiga kama mkokoteni? Kwa sababu mwisho wa safari ya gurudumu umesogea karibu. Juu ya mkono huo, kwenye chasisi, kuna mpira mgumu wa kugotea, uliowekwa ili chuma kisigonge chuma siku ya shimo kubwa. Kwenye gari lililo katika kimo cha kiwanda, kati ya mpira na mkono kuna nafasi ya sentimita chache. Shusha pua sentimita 5 na huenda umeimaliza nafasi yote. Sasa gari limekaa juu ya mpira. Kila kokoto linapita moja kwa moja kutoka tairi hadi uti wa mgongo wa dereva, ilhali fimbo, ambayo ingeweza kulimeza kokoto hilo, haipati nafasi ya kujipinda. Dereva anashuka anasema springi zimekuwa ngumu. Springi hazijafanya kazi kabisa.

Ukielewa hilo, dawa inajieleza yenyewe: kadiri safari ya gurudumu inavyofupishwa, ndivyo springi inavyotakiwa kuwa ngumu zaidi, ili gurudumu lisimame kabla ya kufika kwenye mpira. Na fimbo ina tabia ya kushangaza katika hili. Ugumu wake hukua kwa kipeo cha nne cha kipenyo. Toa fimbo ya milimita 20, weka ya milimita 22 yenye urefu uleule, na ugumu umeongezeka kwa asilimia 46, ilhali kwa macho huwezi kuzitofautisha zikiwa zimelala juu ya meza. Ndiyo maana waliozoea kazi hii hununua fimbo nene kwanza, kisha ndipo wanaposhika bolti. Mpira wa kugotea wanaweza kuukata nusu ili kurudisha nafasi kidogo. Kuuondoa wote ni kujitafutia ufa kwenye chasisi.

Kazi yenyewe ni ya uvumilivu zaidi kuliko nguvu. Bolti hizo zimekaa chini ya gari kwa miaka 40 au zaidi, zimevaa matope na kutu. Zisuguliwe kwa brashi ya waya, zimwagiwe mafuta ya kulegezea kutu, zilale usiku kucha. Asubuhi, kabla ya kuinua gari, pima kutoka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa madigadi juu yake, kushoto na kulia, na uandike. Utashangaa: pande mbili za gari la umri huo hazilingani karibu kamwe, kwa sababu upande wa dereva umebeba mtu maisha yake yote. Hesabu nyuzi za bolti zinazoonekana nje ya nati, kisha upake alama ya rangi, ili ukitaka kurudi ulipotoka ujue njia. Inua gari, chasisi ikae kwenye stendi, magurudumu yaning'inie. Fimbo ikiwa imepumzika bolti inazunguka bila kula nyuzi zake. Legeza kiasi sawa pande zote mbili. Kama bolti imefika mwisho na gari bado halijashuka unavyotaka, fimbo hutolewa kwenye meno yake na kurudishwa jino moja mbele, na kazi hiyo haifai kufanywa na mtu aliye peke yake.

Halafu likishushwa kutoka kwenye jeki, usipime! Matairi yametua yakiwa yamebana ardhi, yanazuia magurudumu kutanuka, na gari limesimama juu kuliko kimo chake halisi. Lisukume mbele na nyuma mita chache, likae lenyewe, ndipo upime. Nimeona fundi mwenye sifa zake akilegeza bolti mara tatu mfululizo kwa sababu alipima gari likiwa limetoka jeki sasa hivi, na mwenye gari akaondoka akiburuza bampa kwenye lango la gereji.

Pikapu zenye koili mbele, kama Chevrolet S-10 iliyoanza mwaka 1982, hazina zawadi hiyo ya bolti, na ndizo zilizoleta msumeno. Koili yenye mizunguko 10 inayofanya kazi, ukikata mmoja, inabaki na 9 na inakuwa ngumu kwa kama asilimia 11. Si vibaya: gari limeshuka na springi imekuwa ngumu kwa pamoja, jambo ambalo bolti ya tosheni baa haiwezi. Kinachochukiza ni wale waliochoka kukata wakachukua moto wa gesi, wakaipasha koili ikiwa kwenye gari mpaka ikajikalia. Chuma cha springi kimepata unyumbufu wake kwa kupashwa na kupozwa kwa vipimo kiwandani. Moto wa kubahatisha unaondoa unyumbufu huo mahali pamoja na kuuacha pengine. Koili ya namna hiyo huendelea kuporomoka, tena upande mmoja ukitangulia mwingine. Sina la kumsaidia anayefanya hivyo.

Njia ya heshima kuliko zote kwa mbele ni ya ghali kidogo. Badala ya kugusa springi, unabadilisha ile sehemu ambayo gurudumu limefungwa, stabu ekseli, na kuweka nyingine ambayo mhimili wa gurudumu umechongwa juu zaidi, kwa kawaida inchi 2. Gurudumu limepanda, kwa hiyo gari limeshuka. Lakini mikono, fimbo, mpira wa kugotea na boljointi zote zimebaki katika pembe zilezile za kiwandani. Safari ya gurudumu haijapungua hata milimita. Usukani nao unabaki na adabu yake. Kwa njia ya bolti au msumeno, mikono hulala pembe mpya, tairodi inachora duara ambalo halifuatani tena na la mikono, na gurudumu likipanda tuta linajikunja lenyewe kidogo kushoto au kulia bila dereva kuligusa. Vichwa vya matairi vinaegemea ndani na tairi linalika upande mmoja. Fundi wa alaimenti anaweza kurekebisha gari likiwa limesimama. Kuirekebisha tairodi ikiwa kwenye shimo hawezi.

Nyuma ni hadithi nyingine, fupi kwa maelezo lakini yenye hatari zaidi.

Pikapu ndogo nyingi za kuendeshwa kwa magurudumu mawili zina springi za majani zilizopita chini ya ekseli, zikashikwa kwa U-bolti. Ukiingiza kipande cha chuma au alumini, bloku, kati ya springi na ekseli, unazisukuma springi chini, na chasisi iliyoning'inia kwenye springi hizo inashuka nazo. Bloku ya inchi 2 inashusha mkia inchi 2. Zile ambazo springi zimekaa juu ya ekseli, bloku hiyohiyo ingeinua gari. Hizo hushushwa kwa kuhamisha ekseli ikae juu ya springi, na huko gari linashuka sana kwa mara moja.

Bloku ni kitu cha bei rahisi, na urahisi huo ndio unaowadanganya watu wakapanga mbili, moja juu ya nyingine. Kumbuka kazi ya springi za nyuma: hazibebi tu, pia ndizo zinazoishika ekseli isijipinde injini inapovuta na breki zinapokamata. Bloku inaipa ekseli mkono mrefu wa kuzisokotea springi. Moja, iliyotengenezwa kwa kazi hiyo na yenye pini inayoingia kwenye tundu la senta bolti, inavumilika. Mbili zinaweza kuteleza. U-bolti za zamani zisirudishwe; zikishakazwa mara moja zimevutika, na mpya ziwe na urefu unaolingana na bloku, zikazwe kwa spana ya kupimia nguvu, kisha zikazwe tena gari likishatembea kidogo. Propela nayo imebadilika pembe, na krosi zake zitaanza kutetemesha gari kwenye mwendo wa kasi kama mlalo wa difu haujarekebishwa kwa vipande vyembamba vya kuinamisha. Kuhusu shokapu, fupi zaidi ni lazima. Ndefu itagota mwisho wake kabla ya springi na kujivunja yenyewe.

Juu ya ekseli, chasisi ya pikapu huinuka kama upinde ili kuipa nafasi. Kwenye gari lililoshushwa inchi 4 upinde huo hautoshi. Ekseli inaugonga kwa chini, na ndipo vijana walipoanza kuukata: kipande cha nusu duara kinaondolewa kwenye chasisi, kisha sahani nene iliyokunjwa inachomelewa kuziba jeraha na kurudisha nguvu. Ikichomelewa vizuri, chasisi haidhoofiki. Ikichomelewa na mtu aliyezoea mageti, mimi nisingekaa nyuma ya gari hilo barabarani.

Kati ya yote yanayotokea nyuma, lipo moja dogo ambalo watu hulisahau, nalo linanifurahisha kuliko mengine. Baadhi ya pikapu, zikiwemo Hilux nyingi tangu miaka ya 1980, zina kifaa kwenye mfumo wa breki kilichofungwa kwenye chasisi na kuunganishwa kwa fimbo nyembamba mpaka ekseli ya nyuma. Kazi yake ni kupima mzigo. Gari likipakiwa, chasisi inaikaribia ekseli, fimbo inasukuma, na kifaa kinaruhusu nguvu zaidi ya breki kwenda nyuma, kwa sababu magurudumu yenye uzito juu yake yanaweza kuitumia. Gari likiwa tupu, kifaa kinabana, magurudumu mepesi yasije yakafunga na mkia ukazunguka. Sasa shusha gari kwa bloku. Chasisi imeikaribia ekseli, na kifaa kinaamini kuna saruji nyuma. Bodi ni tupu, barabara ina maji, dereva anakanyaga, na breki za nyuma zinakamata kwa nguvu za gari lililojaa. Ni lazima fimbo ile irekebishwe kwa kadiri ileile gari lilivyoshushwa. Usipofanya hivyo, umelidanganya gari kuhusu mzigo, nalo limekuamini.

Faida zipo, nisije nikaonekana mzee wa kukataza. Kitovu cha uzito kikiwa sentimita 60 kutoka ardhini na ukakishusha sentimita 5, uzito unaohama kutoka magurudumu ya ndani kwenda ya nje kwenye kona unapungua kwa kama asilimia 8, kasoro kidogo kwa kuwa ekseli na magurudumu hayashuki. Gari linatulia. Kupanda na kushuka ni rahisi kwa mama mwenye magoti. Na umbo, jamani! Datsun 620 ina mstari unaokimbia ubavuni kutoka taa ya mbele mpaka nyuma, na mstari huo huonekana umechorwa kwa gari lililo chini. Mkia ukiwa juu unaonekana kama umekosewa.

Kwetu swali la mzigo limeshajibiwa, tena kinyume. Nenda gereji yoyote ya Buguruni au Gikomba na pikapu, na kitu cha kwanza fundi atakachokuuliza ni kama unataka kuongeza springi. Magari yaleyale yaliyokatwa chasisi California yalibeba nyanya, mkaa na harusi nzima katika barabara zetu, na fundi wa Afrika Mashariki amekuwa bingwa wa kufanya kinyume cha yote niliyoeleza: jani moja zaidi, bloku upande wa pili, tosheni baa iliyokazwa mpaka bolti ikaisha. Fizikia ni ileile. Aliyekaza bolti mpaka mwisho akidhani ameipa fimbo nguvu naye amehamisha kimo tu. Mzigo ukija, fimbo itajipinda kwa kiasi kilekile. Anachopata ni nafasi zaidi kabla ya kugota juu, na anailipia kwa nafasi ya kushuka, ndiyo maana Hilux iliyokazwa hivyo hugonga kila gurudumu linapoachia tuta. Kirikuu zinazobeba maji mtaani zimekaa hivyohivyo, mkia mbinguni, na hakuna anayezicheka, kwa sababu ifikapo saa nne asubuhi zimekwisha kushushwa na madumu.

Wenye tamaa ya vyote viwili, chini na mzigo, waliishia kwenye hewa. Mpira wa hewa kama springi haukubuniwa kwa ajili ya vijana. Mabasi ya Greyhound ya 1954, aina ya Scenicruiser, yalikuwa nao, na ulipendwa kwenye mabasi na malori kwa sababu unalijibu swali la mzigo kila mara upya: abiria wakiongezeka, hewa inaongezwa, basi linabaki kimo kilekile. Miaka ya 1990 wenye pikapu waliutwaa kwa wingi kuchukua nafasi ya haidroliki. Bonyeza swichi, gari linalala mpaka chasisi inagusa lami. Bonyeza tena, linainuka kwenda kazini. Kwa nadharia hii ndiyo pikapu kamili: iko chini ikiegeshwa, iko sawa ikiwa tupu, iko sawa ikiwa na kilo 500.

Sasa fungua mlango wa nyuma wa bodi yake uchungulie. Springi za zamani zimeondolewa, na ekseli inashikwa na vyuma vinne vilivyochomelewa kwenye daraja la mabomba. Chasisi imekatwa kwa kina hivi kwamba upinde wake mpya umetoboa sakafu na kuchomoza ndani. Kuna mtungi wa hewa, mara nyingi miwili. Kuna kompresa, betri ya ziada, vali, na mabomba ya shaba yaliyokunjwa kwa ustadi wa sonara na kung'arishwa. Saruji utaweka wapi?